Mkono Usifunikwe: Madhara ya Kanula ya Ateri Wakati wa Upasuaji na Jinsi ya Kuyawahi

Mkulima mmoja wa kahawa kutoka wilaya ya Muleba aliletwa kliniki na binti yake wiki tatu baada ya kufanyiwa upasuaji mkubwa katika hospitali iliyo mbali na nyumbani kwao. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kimepona vizuri, na mzee alikuwa ameanza tena kula ndizi zake kama kawaida. Kilichowaleta ni uvimbe wenye ukubwa wa gololi uliojitokeza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kushoto, usawa wa kidole gumba. Nyumbani walidhani ni jipu. Jirani mmoja alikwisha kuandaa wembe ili alitumbue. Binti ndiye aliyekataa, na sababu yake ilikuwa moja tu: alipouwekea uvimbe ule kidole, aliuhisi ukidunda.

"Daktari, jipu hudunda?" aliniuliza.

Swali hilo liliuokoa mkono wa baba yake, na huenda liliyaokoa maisha yake pia. Uvimbe ule haukuwa na usaha. Ulikuwa kifuko cha damu kilichoungana na ateri, mahali palepale ilipokuwa imewekwa kanula siku ya upasuaji. Wembe ungekifungua kifuko hicho, na damu ingeruka kwa nguvu zote za moyo. Mzee mwenyewe hakujua kwamba aliwekewa kanula ya namna hiyo. Alichokumbuka ni kwamba alipozinduka alikuta kifundo cha mkono kimefungwa plasta.

Makala hii inaeleza kanula ya ateri ni kitu gani, kwa nini sisi wataalamu wa nusukaputi huiweka, madhara yake ni yapi, na mambo gani yanaweza kufanywa na muuguzi, mgonjwa na ndugu zake ili madhara hayo yagunduliwe mapema. Imeandikwa kwa ajili ya wote hao, hasa walioko Bukoba, Muleba na visiwa vyake, ambako safari ya kumfikia bingwa wa mishipa ya damu ni ndefu.

Kanula ya ateri na kazi yake

Damu husafiri mwilini kwa mishipa ya aina mbili kubwa. Ateri huitoa damu moyoni na kuipeleka kwenye viungo kwa msukumo mkubwa. Vena huirudisha moyoni kwa msukumo mdogo. Dripu na sindano nyingi tunazozifahamu huwekwa katika vena. Kanula ya ateri ni mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa ndani ya ateri, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo daktari hushika mapigo ya mgonjwa. Mrija huo huunganishwa na mpira mgumu uliojaa maji ya chumvi, na mpira huo huishia kwenye kifaa kinachogeuza kila mdundo wa damu kuwa wimbi na nambari kwenye skrini.

Nguvu ya damu ndani ya ateri imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1733 kasisi na mwanasayansi Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha taarifa ya jaribio alilomfanyia farasi: aliingiza bomba katika ateri yake na kuliunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ilipanda zaidi ya mita 2. Binadamu si farasi, lakini jaribio hilo latosha kuonyesha kwa nini tundu dogo katika ateri ni jambo la kuheshimiwa.

Kwa nini basi tunaithubutu njia hiyo? Kwa sababu mkanda wa kupimia shinikizo la damu, ule unaofungwa juu ya kiwiko, hupima kila baada ya dakika kadhaa. Katika upasuaji wa moyo au wa ubongo, kwa mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, au kwa kijana aliyepondeka katika ajali ya bodaboda, shinikizo laweza kuporomoka katika sekunde chache. Mkanda ukija kulipima tena, ubongo na figo vimekwisha kukosa damu. Kanula ya ateri huonyesha anguko hilo papo hapo. Pia huturuhusu kuchukua damu ya kupima oksijeni na chumvi za mwili bila kumchoma mgonjwa kila mara. Sitaki msomaji aondoke akiichukia kanula hii. Wengi wapo hai kwa sababu yake.

Kwa kuwa inahitaji mashine za kufuatilia mgonjwa na watu wa kukaa naye muda wote, kanula hii huonekana zaidi katika hospitali kubwa. Mgonjwa wa Muleba anaweza kuanzia Rubya, Ndolage au Kagondo, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, kisha akavuka kwenda Bugando, Mwanza, au akafika hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Baada ya matibabu hurudi nyumbani. Hivyo kanula huwekwa mjini, nayo madhara yake yaweza kujitokeza kijijini, mbele ya watu ambao hawakuwahi kuiona.

Njia mbili za damu kiganjani

Kiganja cha mkono kimejaliwa ateri mbili. Moja hupita upande wa kidole gumba, nayo huitwa ateri ya radiali; nyingine hupita upande wa kidole cha mwisho, nayo ni ateri ya ulnari. Kwa watu wengi mbili hizo hukutana ndani ya kiganja na kufanya tao, kiasi kwamba moja ikiziba, nyingine huulisha mkono mzima. Hii ndiyo sababu tunapenda kuiweka kanula kwenye kifundo cha mkono: tunategemea akiba hiyo.

Mwaka 1929 daktari Mmarekani, Edgar Allen, alieleza kipimo cha kuchunguza akiba hiyo, na kipimo hicho bado hutumika kikiwa kimerekebishwa. Mgonjwa hukunja ngumi, mtaalamu akabana ateri zote mbili kwa vidole vyake, kisha mgonjwa hufungua kiganja kikiwa kimepauka. Mtaalamu huachia ateri ya ulnari peke yake na kuhesabu sekunde hadi rangi irejee. Ikirejea upesi, damu inapita. Ikichelewa sana, ni busara kuutafuta mkono mwingine.

Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi kutabiri nani atadhurika. Mwaka 1983 Stephen Slogoff na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,699 wa upasuaji wa moyo na mishipa waliowekewa kanula ya radiali. Zaidi ya robo yao walikuwa na dalili za ateri kuziba kwa sehemu au kabisa baada ya kanula kutolewa, lakini hakuna aliyepoteza kidole wala mkono. Funzo lake ni la pande mbili. Ateri kuziba ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani, na mara nyingi mkono huvumilia. Lakini kipimo kizuri kabla ya upasuaji hakimpi mtu ruhusa ya kuacha kuuangalia mkono baadaye.

Mapitio mapana yaliyochapishwa mwaka 2002 na Bernd Scheer na wenzake, yaliyokusanya maelfu ya kanula, yalionyesha picha hiyohiyo: karibu mgonjwa 1 kati ya 5 aliyewekewa kanula ya radiali alizibwa ateri kwa muda, lakini madhara ya kudumu ya kukosa damu yalitokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Mtu 1 kati ya 1,000 ni wachache. Kwa mvuvi wa Goziba anayevuta nyavu, au kwa mama anayepalilia shamba la migomba kwa mikono yake mwenyewe, uchache huo si faraja ikiwa yeye ndiye huyo mmoja.

Damu isipofika vidoleni

Sababu kubwa ni bonge la damu linaloganda kuuzunguka mrija. Hatari huongezeka mrija ukiwa mnene kuliko ateri inavyoweza kubeba, kama kwa watoto na kwa watu wenye vifundo vyembamba. Ateri ikichomwa mara nyingi kabla ya kupatikana. Kanula ikikaa siku nyingi. Shinikizo la damu likiwa chini kwa muda mrefu. Na dawa za kubana mishipa zikitumika kwa kiwango kikubwa. Wenye kisukari cha muda mrefu na wenye selimundu wanahitaji uangalifu wa ziada. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye selimundu kwa wingi, kwa hiyo swali hilo liulizwe mapema, kabla mgonjwa hajalala mezani.

Vitabu vingi vya udaktari husema mkono unaokosa damu huwa mweupe, kisha wa bluu, kisha wenye mabaka. Maelezo hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu dalili hizo huchelewa kuonekana mgongoni mwa mkono. Tazama kiganja na kitanda cha kucha. Bonyeza ukucha hadi upauke, kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Gusa vidole kwa mgongo wa mkono wako na uvilinganishe na vya mkono wa pili; mkono mmoja ukiwa baridi kuliko mwenzake, hilo ni neno la kusikilizwa. Mgonjwa aliye macho atalalamika kwa maumivu makali, ganzi, au kushindwa kukunja vidole.

Mgonjwa aliyelala kwa dawa ya usingizi hawezi kulalamika. Hapo vidole vyake havina msemaji isipokuwa sisi. Njia rahisi ya kuvipa sauti ni kuweka kipima oksijeni, kile kinachobanwa kidoleni, kwenye mkono uleule wenye kanula. Wimbi lake likififia au kutoweka ilhali mkono wa pili unasoma vizuri, usibadilishe kidole ili kupata nambari nzuri. Tafuta sababu kwanza.

Dalili zikithibitika, kanula hutolewa bila kuchelewa, ila ikiwa bingwa ameagiza vinginevyo. Shinikizo la damu la mwili mzima hurekebishwa, mgonjwa hupashwa joto la wastani mwilini, na bingwa wa mishipa huitwa aamue kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda au upasuaji wa kutoa bonge. Misuli iliyokosa damu kabisa huhesabiwa kuwa na takriban saa 6 kabla ya kuanza kufa. Mkono wenyewe usichovywe katika maji ya moto wala kukandwa kwa dawa za majani. Mkono wenye ganzi hauhisi moto, na nimeona zaidi ya mara moja jeraha la kuungua likiongezwa juu ya tatizo lililokuwapo.

Kuvuja, kuvilia na uvimbe unaodunda

Mpira wa kanula ukichomoka mahali unapoungwa, damu hutoka kwa kasi. Chini ya shuka za upasuaji au blanketi la wodini inaweza kumwagika kwa dakika kadhaa bila mtu kuiona. Ndiyo maana viungio vyote hukazwa na kukaguliwa, na kengele ya mashine haizimwi hata inapochosha masikio.

Damu inaweza pia kuvilia chini ya ngozi, hasa pale kanula inapotolewa na tundu lisibanwe vya kutosha. Tundu la ateri hubanwa kwa vidole, kwa mkono ulio imara, kwa dakika 5 hadi 10, na zaidi ya hapo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kubana huku kunachosha, nako kunafanywa wakati kila mtu wodini ana kazi nyingine. Lakini dakika hizo chache ndizo zinazotenganisha alama ndogo na tatizo la miezi.

Tundu lisipoziba, damu hutoka kwenye ateri kila moyo unapopiga, ikajichimbia kifuko katika nyama za jirani. Kifuko hicho huitwa aneurizimu bandia. Chaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye kama uvimbe laini unaodunda, wakati mwingine wenye maumivu na joto, hasa kikishikwa na maambukizi. Hapo ndipo hufanana na jipu. Mtu yeyote, awe jirani mwenye wembe, mganga wa kuchanja chale au tabibu katika zahanati, auwekee vidole viwili uvimbe wowote ulioko kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiwiko au kwenye kinena kabla ya kuugusa kwa chuma. Ukidunda, usichanjwe. Ubanwe kidogo kwa kitambaa safi ikiwa unavuja, na mgonjwa apelekwe hospitali, ambako kipimo cha altrasaundi hutoa jibu kwa muda mfupi. Tiba ipo: vidogo vingine hubanwa kwa kuongozwa na altrasaundi, na vingine hushonwa.

Dawa iliyopita njia isiyo yake

Kanula ya ateri ni ya kupima na kuchukua damu. Haipitishiwi dawa. Dawa ikiingia katika vena huenda moyoni na kuchanganyika na damu nyingi. Ikiingia katika ateri ya mkono huenda moja kwa moja kwenye mishipa midogo ya vidole ikiwa bado kali. Tangu miaka ya 1940 wataalamu wamekuwa wakiripoti vidole na mikono iliyooza baada ya thiopentoni, dawa ya usingizi ya zamani, kuingizwa kwenye ateri kwa makosa.

Kosa hili halihitaji hospitali kubwa. Linaweza kutokea popote kanula ya kawaida inapoingia katika ateri bila kujulikana, hasa kwenye kiwiko, ambako ateri na vena hupita jirani. Mwaka 2000 nchini Marekani, mwanamuziki Diana Levine alikwenda kutibiwa kipandauso na kichefuchefu. Alichomwa promethazini, dawa tunayoitumia sana hata sisi. Ikafika kwenye ateri, na mkono wake ukakatwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya juu ya nchi hiyo, iliyotoa hukumu mwaka 2009.

Muuguzi wa kituo cha afya atalitambuaje kosa hili? Damu inayorudi katika kanula huwa nyekundu ang'avu na hudunda. Dripu hukataa kushuka au damu huipanda. Na mgonjwa hulia kwa moto unaoshuka kuelekea vidoleni mara dawa inapoanza kuingia. Kilio hicho kisichukuliwe kuwa woga wa sindano. Acha kusukuma dawa papo hapo. Usiichomoe kanula kwa haraka, kwa kuwa ndiyo njia ya kupitishia maji ya chumvi na matibabu yatakayoagizwa. Piga simu kwa bingwa, na uandae rufaa.

Katika hospitali zinazotumia kanula za ateri, kinga ni lebo nyekundu kwenye mpira na kwenye kila koki, na mazoea ya kuufuata mpira kwa vidole hadi unapoingia mwilini kabla ya kuchoma dawa yoyote. Kusukuma maji ya kusafishia mpira nako kuna adabu yake: polepole, kwa ujazo mdogo, bila kiputo cha hewa. Maji yakisukumwa kwa nguvu kwenye kifundo cha mkono yanaweza kurudi nyuma hadi kwenye ateri zinazolisha ubongo, yakiwa yamebeba hewa au bonge.

Nambari zinazodanganya

Madhara mengine hayaonekani mkononi. Kifaa cha kupimia kinapaswa kuwa usawa wa moyo. Kikishuka sentimita 10, skrini husoma zaidi ya ukweli kwa milimita 7.5 hivi za zebaki. Kikipanda, husoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Meza ya upasuaji ikiinuliwa na kifaa kikaachwa chini, mgonjwa mwenye shinikizo dogo ataonekana kuwa salama.

Hatari kubwa zaidi ni ya sukari. Mpira wa kanula husafishwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Chupa ya dripu ya sukari hufanana na ya chumvi, na katika mwanga hafifu au haraka ya usiku zaweza kubadilishana. Damu ikichukuliwa kupitia mpira wenye maji ya sukari, kipimo hudanganya. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 ina karibu milimoli 278 za sukari kwa lita. Sehemu 1 tu kati ya 10 ikichanganyika na sampuli, damu yenye milimoli 5 itasomeka zaidi ya 30. Mgonjwa atapewa insulini asiyoihitaji, naye akiwa amelala hataonyesha njaa, jasho wala kuchanganyikiwa hadi ubongo umeharibika. Ajali za namna hii, zikiwamo za vifo, ziliifanya mamlaka ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza itoe tahadhari kwa hospitali zote mwaka 2008. Kinga yake ni macho ya watu wawili kusoma jina la chupa kabla haijatundikwa, na kurudia kipimo kwa damu ya kidole cha mkono mwingine kila sukari inapopanda ghafla bila sababu.

Yapo pia maambukizi, ambayo hupungua sana kwa kunawa mikono, kusafisha ngozi, na kuitoa kanula mara kazi yake inapokwisha. Na upo udhaifu wa neva. Ili kuiweka kanula, kifundo cha mkono hukunjwa kwenda nyuma. Kikiachwa hivyo kwa saa nyingi, neva ipitayo katikati hunyooshwa na kuumia. Kanula ikishakaa, kifundo kirudishwe katika hali yake ya kawaida.

Kwa nini mkono usifunikwe

Nikitazama madhara yote niliyoyataja, naona karibu yote yana mwanzo mmoja: hatua ya kwanza ilionekana kwa macho, lakini hapakuwa na macho ya kuiona. Mkono ulikuwa chini ya shuka.

Usiku wa Bukoba una baridi, na mvua ya ziwani haina ratiba. Ndugu anapomkuta mgonjwa wake amelala, upendo humwambia amfunike shuka, kisha blanketi, kisha kitenge alichotoka nacho nyumbani. Mfunike mgonjwa wako. Lakini uache nje mkono wenye kanula, vidole vyote vitano vikionekana. Muuguzi naye asifunge bandeji kukizunguka kifundo kizima. Plasta inayopitisha mwanga yatosha, na jina la mshipa liandikwe juu yake. Kila saa vidole vitazamwe, vishikwe, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa. Kazi hii haihitaji mashine wala umeme.

Ndugu akiambiwa nini cha kutazama, huwa mlinzi mwema kuliko kengele. Mwambie: mkono ukiwa baridi kuliko mwenzake, ukivimba, ukitoa damu, au mgonjwa akisema vidole vinakufa ganzi, uniite hata kama ni usiku wa manane, nami sitakukasirikia.

Kabla ya upasuaji na baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama atawekewa kanula ya ateri, katika mkono upi, na kwa nini. Naye amwambie mtaalamu mkono anaoutegemea kwa kazi: ule wa kushika panga, jembe, sindano ya cherehani au kalamu. Pale inapowezekana, tutautumia ule wa pili. Ataje pia kama aliwahi kuumia mkono huo, kama ana selimundu au kisukari, na kama vidole vyake hubadilika na kuuma kwenye baridi.

Siku ya kuruhusiwa, karatasi ya kurudi nyumbani iandikwe kwa Kiswahili cha wazi: "Uliwekewa kanula ya ateri kwenye kifundo cha mkono wa kushoto." Sentensi hiyo moja ingemsaidia tabibu yeyote wa Kamachumu au wa kisiwa cha Bumbire kuuelewa uvimbe wa mzee wetu bila kubahatisha.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya jiografia yetu. Kutoka kisiwani mtu hungoja mtumbwi au boti. Meli ya kutoka Bukoba kwenda Mwanza husafiri usiku kucha. Barabara ya kuzunguka ziwa, hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, bado huchukua sehemu kubwa ya siku. Linganisha safari hizo na zile saa 6 za misuli iliyokosa damu. Hesabu haikubali kungoja hadi asubuhi. Dalili ya mkono baridi wenye ganzi huripotiwa saa hiyohiyo katika kituo kilicho karibu. Kituo humpigia bingwa kwa simu, na matibabu ya mwanzo huanza kabla ya safari.

Mzee wa Muleba alifanyiwa marekebisho ya ateri yake na akarudi nyumbani na vidole vyote vitano. Mwezi mmoja baadaye alikuja kliniki na binti yake, akanyoosha mkono juu ya meza bila kuombwa, kiganja kikitazama juu, nami nikavishika vidole vyake kimoja baada ya kingine. Vilikuwa na joto. Kabla hawajaondoka niliandika kwenye kadi yake ile sentensi ambayo haikuwa imeandikwa mara ya kwanza, na binti akaisoma kwa sauti ili baba yake aisikie.